Kuku wa Bosi Fang

Tarehe 1 Aprili 2008 Lai Pi-yun alikabidhiwa funguo za ofisi ya udalali wa nyumba iliyoko Fengshan, Kaohsiung, na tangu siku hiyo hadi alasiri ya tarehe 13 Januari mwaka huu hakuwa amemfukuza kazi mtu hata mmoja. Wamo walioacha wenyewe. Mmoja alikwenda kuuza bima, mwingine aliolewa visiwani Penghu, wa tatu alirudi kwao kulima mapera. Lakini barua ya kumwachisha mtu kazi haikuwahi kutoka kwenye meza yake. Katika biashara hii ofisi ikimaliza mwaka ikiwa bado na nusu ya watu ilioanza nao husemwa imetulia, kwa hiyo wenzake wanaoongoza ofisi nyingine wamezoea kusema kwamba Pi-yun ana moyo laini.

Wanaofanya kazi chini yake hucheka wakisikia hivyo.

"Laini?" anasema Hsueh Chia-ling, muuzaji wake hodari kuliko wote, msichana wa miaka ishirini na tisa anayevaa kofia ya pikipiki yenye masikio ya paka. "Wewe chelewa mkutano wa asubuhi siku moja tu. Halafu uje uniambie kama ni laini au ni jiwe la kunolea visu."

Pi-yun ana miaka arobaini na sita. Ni mfupi, nywele amezikata hadi masikioni, na ana suti mbili za buluu zinazofanana kiasi kwamba wafanyakazi wake waliamini kwa muda mrefu kuwa ni moja. Alizaliwa Dashu, kwa wakulima wa mananasi. Aliingia kwenye biashara ya nyumba kwa mlango wa chini kabisa: akiwa na miaka kumi na tisa alilipwa kusimama kwenye taa za barabarani kila mwisho wa wiki, ameshika bango la magorofa mapya.

"Niligundua kitu kimoja," huwaambia wafanyakazi wapya. "Watu hawasomi bango. Wanamwangalia aliyelishika kama amechoka."

Meneja wake wa kwanza alikuwa mtu wa shule ya zamani. Kila Jumatatu aliyeshika mkia alipandishwa juu ya kiti, akapaza sauti mbele ya wote: "Mimi ni mzigo wa wenzangu!" Pi-yun alipanda kiti hicho mara mbili. Anapolisimulia jambo hili hatafuti huruma.

"Mara ya pili niliposhuka, wiki ile ile niliuza nyumba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba njia ile haifanyi kazi. Inafanya. Ila kila aliyepanda kile kiti, siku alipoondoka aliondoka na wateja wake."

Alipopewa ofisi yake mwenyewe aliondoa ubao wa kupanga watu kwa namba, na mahali pake akatundika upatu wa shaba aliounusuru kwenye hekalu lililokuwa likibadilisha vyombo. Nyumba ikiuzwa, upatu hupigwa mpaka mama wa duka la chai la jirani achungulie. Sharti ni moja: aliyeuza haruhusiwi kuugusa. Anamkabidhi nyundo mwenzake aliyemsaidia, awe alimtafutia funguo, alimshikia mtoto wa mteja, au alikaa na mwenye nyumba akimsikiliza habari za magoti yake. Asiyeweza kumtaja aliyemsaidia, nyumba yake inauzwa kimya kimya.

Mwanzoni wauzaji hodari waliuchukia sana upatu huo. Chia-ling, mwaka wake wa kwanza, aliuza nyumba tatu bila mlio hata mmoja, ya nne akaleta nyundo mezani kwa mhudumu wa usafi huku amenuna. Siku hizi anaona aibu nyumba yake ikienda kimya. "Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema, "lakini ilinichukua muda kukubali kwamba mimi ni kidole."

Mwaka uliopita ulikuwa mgumu kwa kila dalali wa kusini. Kodi mpya iliwafanya wenye nyumba wasubiri, na wanunuzi wakasubiri wenye nyumba. Mwezi wa mizimu ulipofika, ambao wafu husemwa huzurura duniani na ambapo hata nyakati nzuri hakuna mtu mwenye akili anayenunua nyumba, ilikuwa kama biashara imezikwa. Ilifukuka kidogo kidogo baadaye, lakini si kwa wote.

Fang Ching-lung, mwenye ofisi tatu ikiwamo hii ya Fengshan, ni mzee wa miaka sitini na mitatu aliyeanza maisha kwa kuuza uji wa samaki. Hufika ofisini siku za kumtolea sadaka mungu wa ardhi. Huwasha udi kwanza, husujudu, kisha ndipo huomba kuonyeshwa mauzo. Siku moja ya mwezi Novemba aliyaangalia, akajimiminia chai, akakaa.

"Pi-yun, una watu sita."

"Saba, bosi, ukinihesabu na mimi."

"Wewe nakuhesabu kila usiku, ndiyo maana silali. Mwaka mpya nataka watu watano. Huyo Shih Kuo-tung..."

"Kaka Shih ana nini?"

"Hana kitu. Ndiyo shida yake. Tangu mwezi wa mizimu hajauza hata banda la kuku."

Shih Kuo-tung ana miaka hamsini na miwili, mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya kujikwaa. Zamani alikuwa na kibanda cha chakula cha mchana hatua chache kutoka ofisini, mbavu za kukaanga na wali. Pi-yun alikuwa mteja wake. Aliona kwamba watu wakimaliza kula pale hawaondoki, wanakaa wanamweleza mambo yao. Kibanda kilipovunjwa ili barabara ipanuliwe, alimwita. Akamfundisha, akamlipia ada ya mtihani wa leseni, akamsubiri. Wenye nyumba walimpenda Shih. Wazee walimkabidhi nyumba zao kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kuzifunga, yaani kuyakamilisha mauzo, hakujua. Ikifika hatua ya kumwambia mtu "tia muhuri hapa", alianza kumuuliza habari za wajukuu.

"Bosi," Pi-yun alisema, "waulize wote mwaka huu nani amepiga upatu kuwazidi wengine."

"Upatu haulipi kodi ya ofisi."

"Ni yeye. Nusu ya nyumba alizouza Chia-ling, Shih ndiye aliyemfungulia mlango."

"Basi na ajifungulie mmoja." Fang aliweka kikombe chini. "Auze nyumba moja kwa jina lake kabla ya karamu ya kufunga mwaka. Asipouza, nitaagiza kuku na kichwa chake. Na wewe ndiye utakayekigeuza."

Hapa hakuna asiyejua maana yake. Katika karamu ya mwisho wa mwaka wa kalenda ya mwezi, mtu anayetazamwa na kichwa cha kuku hahitaji kurudi kazini baada ya sikukuu. Mabosi wengi wa sasa huagiza kichwa kikatwe jikoni, watu wale kwa amani. Fang anaona huo ni woga.

Pi-yun alikijaza kikombe tena. "Sawa. Na akiuza, kichwa utakila wewe."

"Nitakila."

Alasiri hiyo hiyo alimwita Shih akamweleza yote, neno kwa neno. Baadhi ya mameneja wangelificha jambo kama hilo wasimvunje mtu moyo. Pi-yun ana maoni tofauti: anayemficha mtu wake hatari anamnyima muda.

Shih alisikiliza, akakuna shingo. "Kuku wa kuchemsha au wa mvinyo?"

"Wa kuchemsha."

"Basi angalau aniage na tangawizi."

Tumaini lake lilikuwa moja, nyumba ya Bibi Kang karibu na soko: nyembamba, ya ghorofa nne, chini pana nafasi ya duka. Bibi Kang ana miaka sabini na tisa, magoti yamemwisha, na binti yake aliyeko Pingtung anamsihi kila Jumapili ahamie kwake. Chia-ling alikuwa na wanunuzi, mume na mke vijana wanaouza tambi za bata kwenye mkokoteni na wanaotaka sasa kuuza chini ya paa. Kwa desturi ya kazi, nyumba kama hiyo ikiuzwa inaandikwa kwa majina mawili, la aliyeileta na la aliyemleta mnunuzi. Kufikia mwisho wa Desemba walikuwa wameshapatana bei. Aliyebaki hajakubali ni mmoja tu, Bwana Wu, mume wa Bibi Kang, na yeye alifariki mwaka 2005.

Madhabahu yake iko ghorofa ya nne: kibao cha jina, chetezo, sahani ya machungwa. Bibi Kang alisema wazi kwamba hatatia muhuri wake, ambao huku ndio sahihi ya mtu, kwenye karatasi yoyote kabla ya kumuuliza mzee. Anauliza kwa vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mwandamo, bapa upande mmoja, mviringo upande wa pili. Vikianguka kimoja bapa na kimoja mviringo, mzee amekubali. Vikilala vyote na migongo ya mviringo juu, amekataa. Vikionyesha bapa vyote, anacheka, maana yake hajaelewa anachoulizwa. Wiki baada ya wiki Shih alipanda ngazi zile akashuhudia migongo. Alikuwa akishuka, anakunywa chai na Bibi, anaaga, anarudi tena Ijumaa.

Chia-ling hakuweza kuvumilia. Alimkamata kwenye maegesho ya pikipiki.

"Kaka Shih, mzee amekufa tangu mimi niko sekondari, na bado anakushinda?"

"Hajanishinda. Amekataa."

"Si umwambie Bibi arushe mpaka akubali! Ana kazi gani nyingine huko aliko?"

"Wewe ungependa kuulizwa swali moja mara ishirini?"

"Mimi sijafa!"

"Ndiyo maana una haraka."

Haraka hiyo ndiyo iliyozaa kosa. Chia-ling, akiamini kwamba wafu hatimaye huchoka, aliwaahidi wanunuzi wake kwamba funguo wangezipata kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, mwishoni mwa Januari. Nao wakaenda kwa msoma kalenda wakachaguliwa siku njema ya kufungua duka, wakanunua masufuria, wakawaambia wateja wa mkokoteni. Dalali mgeni kutoka Taipei angesamehewa. Chia-ling amezaliwa Fengshan na nyumbani kwao wana madhabahu. Pi-yun alipoambiwa hakupandisha sauti.

"Umeuza idhini ya mtu ambaye hujaongea naye," alisema. "Hayo masufuria ni ya kwako sasa. Utayabeba mwenyewe."

Wiki moja kabla ya karamu Fang alipiga simu. Alitoa ushauri ambao kwake yeye ulikuwa wema: "Nenda wewe mwenyewe kwa huyo bibi. Wewe unawajua wazee. Imalize, andika jina la Shih, tule kuku kwa raha."

Ni kweli kwamba Pi-yun angeweza. Amewahi kufunga nyumba ngumu kuliko ile. Alikataa. "Nikimuuzia, nitakuwa nimemfukuza kwa mkono wa kushoto. Mwakani utaniletea kuku mwingine, na yeye hatakuwa amejifunza kitu."

Badala yake alitumia mkutano wa asubuhi. Mkutano huo hufanywa watu wakiwa wamesimama, kabla ya kwenda kufagia barabara ya mtaa, kazi ambayo ofisi hiyo huifanya kila siku ili majirani wawajue kwa ufagio kabla ya kuwajua kwa maneno. Pi-yun ana somo moja analolirudia kila mara: usimuulize mtu swali ambalo jibu lake rahisi ni hapana. Humwulizi mteja kama atanunua. Unamwuliza kitanda chake kitakaa chumba kipi. Wote wanalijua somo hilo kwa moyo. Siku hiyo alimgeukia Shih.

"Bwana Wu mmemuuliza nini?"

"Bibi anamuuliza: mzee, tunaomba kuuza nyumba, unakubali?"

"Wewe ungekuwa Bwana Wu ungejibuje?"

Shih alifikiri. Kuna mtu alianza kucheka, Chia-ling akamkanyaga mguu.

"Ningekataa," Shih alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Akatazama upatu ukutani. "Kwa sababu hamjaniambia mimi nakwenda wapi."

Pi-yun aliitikia kwa kichwa. "Chukueni mafagio," alisema.

Tarehe 13 Januari ilikuwa Ijumaa, na kwa kalenda ya mwezi ilikuwa siku ya kumi na sita ya mwezi wa mwisho, siku ya sadaka ya mwisho ya mwaka kwa mungu wa ardhi. Asubuhi ofisi ilipanga meza mlangoni: nanasi, peremende, nyama, divai ya mchele. Karamu ilikuwa jioni. Baada ya udi kuisha Shih alisema anakwenda kwa Bibi Kang, na akamwomba meneja wake amsindikize.

"Nitakuja," Pi-yun alisema, "lakini nitakaa kwenye ngazi. Na sina mdomo."

Alikaa kweli kwenye ngazi, viatu amevua, mgongo ukutani, mahali ambapo aliona madhabahu kwa upande. Bibi Kang aliwasha vijiti vya udi, akainama mara tatu.

"Mzee, yule kijana wa nyumba amerudi," alisema. "Na bosi wake kaja. Yuko ngazini, sijui ameadhibiwa."

"Bibi," Shih alisema, "leo tusimuulize habari ya nyumba."

"Tumuulize nini sasa, kama mvua itanyesha?"

"Tumuulize yeye anataka kukaa wapi. Wewe unakwenda Pingtung. Yeye je? Anakuja na wewe kwa binti yenu, au tumpeleke hekaluni akatunzwe na watawa?"

Bibi Kang alivigeuza vipande vya mti kiganjani. "Hilo hakuna aliyemuuliza," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hata mimi mkewe."

Aliuliza kwanza hekalu. Vipande vilianguka migongo juu. "Nilijua. Hekaluni hakuna anayemjua, na hapendi mboga tupu za watawa." Akauliza kwa binti. Vikaonyesha bapa vyote viwili.

"Anacheka," Bibi alisema. "Anamfahamu mkwe wake. Yule bwana anakoroma, nyumba nzima inatetemeka."

"Mwambie chumba cha madhabahu kiko juu kabisa, mkwe analala chini. Dirisha linatazama mashamba. Mimi nilimpigia binti yenu jana nikamuuliza."

Bibi alimweleza mzee yote, taratibu, pamoja na dirisha. Akarusha. Kipande kimoja kilionyesha bapa hapo hapo, cha pili kikabiringika hadi chini ya meza ya madhabahu. Shih alipiga magoti, akalaza shavu sakafuni kuchungulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao upana wake haumruhusu kuinama kwa urahisi. Pi-yun anasema wakati huo ulimi ulikuwa unamuuma kwa kushikwa na meno.

"Mgongo juu," Shih alisema kutoka sakafuni. "Bibi, amekubali."

Jambo zito huulizwa hadi mzee akubali mara tatu mfululizo, na alikubali. Kisha wakamuuliza siku. Kabla ya mwaka mpya, alikataa. Alipotajiwa tarehe ishirini ya mwezi wa kwanza wa kalenda hiyo, yaani 16 Februari, baada ya Sikukuu ya Taa, alikubali. Bibi Kang alikaa kwenye kiti, akafuta macho kwa ukingo wa mkono wa shati, akasema: "Haya. Lete hiyo karatasi yako, kabla hajabadilisha mawazo. Alikuwa na tabia hiyo."

Hapo ndipo siku zote Shih alipoanza kuuliza habari za wajukuu. Mara hii alitoa karatasi mfukoni, akaandika tarehe mpya ya kukabidhi funguo, akaonyesha kwa kidole. "Tia muhuri hapa, Bibi." Alitia.

Lakini tarehe ile ilikuwa karibu mwezi mzima baada ya siku ambayo wauza tambi walikuwa wameahidiwa, na bila muhuri wao hakuna nyumba iliyouzwa. Shih alimpigia Chia-ling akiwa bado kwenye ngazi.

"Februari?" Sauti yake ilisikika hadi kwa Pi-yun. "Kaka Shih, unanizika! Wameshanunua masufuria!"

"Masufuria hayaozi."

"Yule mke atanitia ndani ya sufuria mojawapo! Meneja yuko hapo? Mpe simu. Meneja, wapigie wewe, wewe wanakuheshimu."

"Ahadi ni yako," Pi-yun alisema. "Nenda. Na usimsingizie Bibi wala mumewe."

Saa kumi na mbili na nusu jioni karamu ilianza. Fang alichagua kukaa meza ya Fengshan, kiti cha Chia-ling kikiwa kitupu. Vilikuja vyakula baridi, wakaja kamba wakubwa, akaja kuku: ngozi ya manjano inayong'aa, shingo imesimama, kichwa kikitazama mlango wa jikoni. Fang aliweka kidole kimoja juu ya ile sahani kubwa ya kuzunguka katikati ya meza, akaisukuma polepole. Kichwa kilipita watu mmoja mmoja, kikasimama mbele ya Shih.

Shih aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akavilaza sambamba. Akakunja kitambaa.

"Bado," Pi-yun alisema. Alinyosha mkono akaizungusha sahani mpaka kuku akatazama kiti kitupu. "Tulipatana mimi ndiye nitakayekigeuza. Nimekigeuza. Mtu wangu mmoja bado yuko kazini."

"Unanichezea muda, Pi-yun."

"Ndiyo, bosi. Kunywa supu."

Fang alikunywa supu. Wengine walikula kilichokuwa mbele yao. Kamba walikuwa upande wa pili wa meza, na hakuna aliyethubutu kuzungusha sahani kuwafikia, maana kichwa nacho kingetembea. Lu, kijana wa ofisi ambaye kwa kawaida humaliza sahani ya kamba peke yake, aliwatazama kwa mbali kama mtu anayeaga ndugu bandarini.

Chia-ling aliingia akiwa bado amevaa masikio yake ya paka, pua nyekundu kwa baridi. Alifika kwenye kiti chake akakutana uso kwa uso na kuku.

"Ala! Nani ameniwekea huyu? Mimi ndiye ninayefukuzwa? Nimeganda kwenye pikipiki kwa ajili yenu!"

"Keti," Pi-yun alisema. "Wamesemaje?"

"Niliwaambia nimekosea. Sikuongeza sukari. Mke alinitukana mpaka nikamkumbuka mama yangu. Mume akaendelea kupanga masufuria mapya, na hilo ni baya zaidi. Halafu nikawauliza: mnataka kuuza tambi chini ya mzee aliyehama kwa furaha, au chini ya mzee aliyefukuzwa?" Alitoa karatasi ndani ya koti. "Mke akasema, 'Mwanaharamu wewe, lete wino.'"

Muhuri wa Bibi Kang ulikuwa kushoto, muhuri wa wauza tambi kulia, na katikati majina mawili ya madalali. Fang alivaa miwani akaisoma karatasi hadi mwisho, na alipomaliza akaisoma tena.

"Ila nimewaahidi," Chia-ling aliongeza haraka, "kwamba ofisi nzima tutakula tambi zao mwezi mzima wakifungua."

"Mimi sili bata," alisema Lu.

"Utajifunza."

Fang alivua miwani. Alivuta sahani, akakivunja kichwa cha kuku kwa vijiti, akakitia mdomoni mbele ya wote. Alitafuna kwa muda.

"Kina mifupa mingi," alisema.

"Ndiyo maana hatumpi mtu," Pi-yun alijibu, akaizungusha sahani mpaka kamba wakamfikia Lu.

Hakukuwa na hotuba. Fang alipoinuka kuondoka alimwambia Shih kwamba mwakani ataagiza kuku tena, na Shih akasema sawa, ila safari hiyo na tangawizi zaidi. Kesho yake, baada ya kufagia, Shih alikwenda ukutani kwa mazoea kuchukua nyundo ya upatu. Chia-ling alimpokonya.

"Kaka Shih, vipi? Leo si kazi yako. Wewe ndiye umeuza."

Aliupiga mpaka mama wa chai akatoka nje na birika mkononi.

Tarehe 16 Februari Bwana Wu atahama. Shih Kuo-tung atashika mwavuli mweusi juu ya kibao chake cha jina, ili jua lisimguse mzee, kutoka mlangoni hadi garini, Chia-ling ataendesha hadi Pingtung, na Bibi Kang atakaa nyuma na mumewe mapajani. Lai Pi-yun hatakwenda. Asubuhi hiyo ana mkutano.